Tulishaiandika: Kisa cha Kisima Kimoja cha Mbagala

Taarifa kwa vyombo vya habari ya uzinduzi wa kisima ilikuwa ya kurasa mbili, na mstari wa nne wa ukurasa wa kwanza ulikuwa na kosa. Aliyeichapa alichanganya mtaa wenye kisima na mtaa jirani ulio ng'ambo ya korongo. Ni kosa la mtu aliyeandika akiwa mjini, kwenye kiyoyozi. Kesho yake nilikaa na magazeti mezani na simu mkononi, nikahesabu. Vyombo 11 vilikuwa vimetoa habari ile, na vyote 11 vilikipeleka kisima kwenye mtaa usio na kisima. Cha kwetu kilikuwamo. Na sisi tulikuwa na mwandishi pale pale, amesimama kwenye kivuli cha tenki jipya, anakunywa maji ya chupa.

Nilikuwa mhariri wa habari za jiji katika gazeti ambalo sitalitaja. Kisa hiki nimekisimulia mara kadhaa kwa vijana wanaoanza kazi, kwa mdomo, na kila mara kinabadilika kidogo kwa kunipendelea mimi. Safari hii nakiandika ili kisibadilike tena.

Siku ya Coaster

Ilikuwa miezi michache baada ya ule mgao wa maji wa mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu uliposhuka na Dar es Salaam, jiji la watu zaidi ya milioni 5, likakumbushwa bei ya dumu la mkokoteni. Habari yoyote ya maji ilikuwa na soko. Mwaliko ukaja kwenye kundi la WhatsApp la waandishi: "Ndugu wanahabari, mnakaribishwa kwenye uzinduzi wa kisima kirefu. Usafiri utaondoka Mnazi Mmoja saa 2:00 kamili asubuhi." Kinachofuata hakiandikwi maana kila mtu anakijua. Shughuli ikiisha kuna karatasi ya kusaini na kuna nauli. Nimekuwa kwenye kazi hii zaidi ya miaka 20 na sijapata mtu wa kunieleza, kama basi limekuchukua, chai umekunywa na basi litakurudisha, nauli ni ya kwenda wapi.

Coaster ilifika Mbagala saa 4. Magazeti yalikuwa machache, redio mbili, waliobaki wote TV za mtandaoni, maiki zao zenye nembo zimepangwa juu ya meza ya mgeni rasmi kama chupa za soda kwenye sherehe ya ubarikio. Taarifa iligawiwa kabla mgeni hajafungua mdomo. Saa 5 kasoro utepe ukakatwa, akina mama wawili wakajaza ndoo mbele ya kamera, wakaombwa wazimwage na kuzijaza tena kwa kuwa kamera moja ilichelewa. Saa 6 msafara ukaondoka.

Taarifa ilisema kisima kina mita 120, pampu inatoa lita 1,500 kwa saa na itafanya kazi saa 10 kwa siku. Kisha ikasema mradi "umemaliza kabisa kero ya maji kwa wakazi 8,000". Vyombo vyote 11 vilichukua sentensi hiyo. Wengine walitoa neno "kabisa", na huo ndio ulikuwa uhariri.

Sasa chukua kalamu. Lita 1,500 mara saa 10 ni lita 15,000. Gawa kwa watu 8,000. Unapata lita 1.875 kwa mtu, haijafika hata chupa mbili za lita moja, na hiyo ni ya kunywa, kupika, kuoga, kufua na kumtawaza mtoto, kutwa nzima. Viwango vya Sphere, vile vinavyotumika kupanga huduma kwenye kambi za wakimbizi, vinataka angalau lita 15. Kwa mujibu wa karatasi ile ile, basi, wakazi wa mtaa mmoja wa Dar es Salaam walikuwa wamemaliziwa kero kwa kupewa chini ya moja ya saba ya maji ya mkimbizi. Ni hesabu ya shule ya msingi, na namba zake zote tatu walikuwa wameshikishwa mkononi na mwenye shughuli. Hakuna aliyezidisha. Habari ilinifikia saa 9 alasiri. Nami sikuzidisha.

"Engo mpya ni nini?"

Mwandishi wetu wa siku ile alikuwa korespondenti, binti wa miaka kama 26 hivi, anakaa Mbagala Rangi Tatu kwa shangazi yake. Kwa wasioijua kazi: korespondenti si mwajiriwa. Analipwa kwa kipande. Kwetu stori ya kawaida ilikuwa shilingi 10,000 na ukurasa wa mbele 20,000, hela inakuja mwisho wa mwezi, mwezi wenyewe ukiwa na siku 45. Sehemu kubwa ya gazeti unalosoma imejazwa na watu wa aina hii.

Kama wiki tano baada ya utepe, alikuja kwenye meza yangu. Nakumbuka mazungumzo yale neno kwa neno kwa sababu ya aibu.

"Kaka, kile kisima cha Coaster hakitoi maji."

"Kipi?"

"Cha Mbagala. Leo wiki ya pili. Ndoo zimepangwa foleni, zimewekewa mawe zisipeperuke, wenyewe hawapo."

"Si tulishaiandika hiyo?"

"Tuliandika kimefunguliwa, kaka."

"Sasa engo mpya ni nini?"

"Hakitoi maji."

Aliomba siku mbili na shilingi 20,000 za kuzungukia. Saa hizo nilikuwa na kurasa mbili wazi, mmoja wa waandishi wangu watatu wa kuajiriwa yuko mahakamani Kisutu, mwingine anauguza. Nikampa jibu ambalo kila mhariri analo mdomoni tayari: piga simu kwanza, tukipata chochote ndipo uende.

Akapiga. Namba ilikuwa chini ya taarifa. Akajibiwa kwamba mradi unaendelea vizuri na changamoto ndogondogo zinashughulikiwa. (Neno "changamoto" lingestahili uchunguzi wa peke yake. Zamani tulikuwa na shida, kasoro, uzembe, wizi. Siku hizi vyote vimevalishwa sare moja.) Kwa kuwa msemaji amesema mradi unaendelea vizuri, na kwa kuwa mradi kuendelea vizuri tulikuwa tumeshauandika, hapakuwa na stori. Binti akapewa mkutano wa wafanyabiashara Kariakoo, akaenda, akaleta maneno 300, akalipwa 10,000 zake.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu kisa chote naona kimelala kwenye neno lile, "tulishaiandika". Chumba cha habari kinahesabu tukio. Uzinduzi ni tukio, una saa, una mgeni rasmi, una gari. Maji kukatika hakuna saa. Hakuna anayekata utepe bomba linapokauka, na hakuna Coaster inayokwenda kulishuhudia. Safari ya kwanza karibu kila mara ina mtu wa kuilipia, na mlipaji huyo anajua anachokinunua. Safari ya pili, ya siku ya kawaida isiyo na turubai, inabaki juu ya chombo, na chombo kinaona imeshalipiwa na ile ya kwanza.

Wengi wakilalamika kwamba uandishi umekuwa mwepesi wanawatupia waandishi: wavivu, hawasomi, makanjanja. Wapo, sikatai. Kanuni zilizofuata Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 zikaleta na sharti la mwandishi kuwa na angalau stashahada. Huyu binti alikuwa nayo, tena ya daraja zuri. Stashahada haikumlipia bodaboda.

Sekunde 40

Siku nne baadaye mtu alirekodi ugomvi kisimani. Maji yalikuwa yametoka kidogo asubuhi ile, kumbe mkazi mmoja alichoka akanunua umeme wa hela yake, na wanawake wawili wakagombea zamu. Video ilikuwa ya sekunde 40. Mmoja anavuta ndoo, mwingine anavuta kanga ya mwenzake, watoto wanacheka.

Jioni ile ile jiji zima lilikuwa nayo. TV za mtandaoni ziliitoa na vichwa vya herufi kubwa, WACHAPANA KISA NDOO YA MAJI na jamii yake. Kwenye maoni ya mmoja wao, mtu asiyejulikana akaandika kwamba vijana wa pale wameiba pampu. Baada ya saa moja maoni hayo yakawa kichwa cha habari kwenye akaunti nyingine: PAMPU YA KISIMA YAIBWA? Alama ile ya kuuliza kwetu ni mwavuli, unaufungua kisha unaandika chini yake usichokijua. Saa 2 usiku kijana wa dawati la mtandaoni akaniuliza kama na sisi tuitoe, maana wenzetu wote wameshaitoa. Nikasema toa. Na alama ya kuuliza tuliiacha pale pale.

Hapo hakuna aliyekwenda. Rudia kuisoma sentensi hiyo ukijua kwamba kutoka Posta hadi pale ilikuwa daladala mbili, na kwamba mmoja wetu alikuwa analala kilomita chache tu kutoka lilipo bomba.

Pale mtaani palikuwa na fundi, kijana anayetengeneza pampu na feni kwenye kibanda cha mabati. Habari ya pampu kuibwa ilipofika kwenye simu za watu, kwa akili ya kawaida wakaanza kumwangalia mwenye bisibisi. Usiku wa pili walimgongea mlango. Mjumbe aliwahi, akasimama katikati. Alfajiri kijana akapanda gari kwenda kwa mjomba wake Mkuranga, kibanda akakifunga. Pampu muda wote huo ilikuwa mita 120 chini ya ardhi, au kina chochote walichoiteremsha, haijaguswa na mtu.

Safari tatu

Binti alikwenda. Hakuniambia. Ilikuwa Jumapili, akatumia hela yake, na niliyajua haya aliponiletea kazi iliyokwisha.

Safari ya kwanza mama anayeuza maji kwenye kile kisima cha Coaster hakutaka hata kumwangalia. Binti alitoa shikamoo, akaitikiwa marahaba ya kavu, kisha: "Mwanangu, nyie si ndio mliotuita wagomvi na wezi? Kaandikeni tu." Akarudi nyumbani.

Safari ya pili alikwenda na ndoo. Alipanga foleni na wenzake kwenye kisima cha mtu binafsi, chenye maji ya chumvi kama vilivyo vingi vya Dar, yale ambayo sabuni haifanyi povu na chai inabadilika ladha. Saa mbili na nusu kwenye foleni. Hakuuliza swali lolote la kiandishi. Alisikiliza. Kwenye foleni ile alisikia kwa mara ya kwanza neno ambalo halikuwamo kwenye taarifa wala kwenye vyombo 11 wala kwenye video. LUKU.

Safari ya tatu mama alimkaribisha ndani ya kibanda chake. Juu ya mlango, kwa ndani, kulikuwa na kile kidude cha kuingizia umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, kimepigiliwa misumari miwili. Akabonyeza. Kikasoma 0.00. Mama akavuta daftari la kurasa 96 lililofunikwa kwa gazeti. Kila siku ina mstari wake, ndoo ngapi, shilingi 50 kwa ndoo, jumla, sahihi yake. Chini ya daftari kulikuwa na kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo, shilingi 312,000.

Kwa kifupi, mambo yalikuwa hivi. Mkandarasi aliweka umeme wa shilingi 80,000 siku za majaribio, akakabidhi mradi, akaenda zake. Kwa shilingi 10,000 wakati ule ulikuwa unapata uniti kama 28, kwa hiyo umeme ule ulisukuma pampu kwa wiki tatu hivi, ukaisha. Makusanyo ya siku, kwa daftari la mama, yalikuwa kama shilingi 15,000, yanatosha umeme na chenji inabaki. Lakini utaratibu wa makabidhiano ulisema fedha zisitumike mpaka kamati ifungue akaunti benki yenye watia saini watatu. Wawili walikuwapo. Wa tatu alikwenda msibani Lindi, alivyorudi akakuta kikao kimefanyika bila yeye, akagoma kusaini. Mama aliogopa kugusa kopo, maana aliambiwa akigusa ni mwizi. Mwenyekiti aliogopa kuamuru, maana fedha ikipotea yeye ndiye. Msemaji mjini hakujua, maana hakuna aliyemwambia, naye kazi yake haikuwa kuuliza.

Kwa hiyo hapakuwa na ukame wala wizi. Mtaa mzima ulikaa wiki mbili na zaidi bila maji, hela ikiwa kwenye kopo, kwa kukosa saini ya mtu mmoja aliyenuna.

Hebu jaribu kuipata habari hiyo kwa simu. Utampigia nani, na utamuuliza swali gani? Huwezi kuuliza habari za LUKU kama hujakaa kwenye foleni. Hii ndiyo maana yangu ninaposema kina, na sina maana nyingine kubwa zaidi ya hiyo. Sizungumzii maneno 3,000 wala nyaraka za siri. Nazungumzia mtu kukaa mahali muda wa kutosha mpaka asikie neno ambalo hakuja nalo.

Nyuma ya karatasi aliyoniletea alikuwa ameandika kwa kalamu hesabu yake: nauli, bodaboda mara mbili, vocha, soda ya mama, ndoo mpya maana ya kwake ilipasuka. Jumla 31,500. Stori iliingia ukurasa wa 7, nikiwa nimeikata kutoka maneno 1,100 hadi 450, na kwa ukurasa wa 7 malipo ni 10,000. Alipata hasara ya 21,500 kwa kufanya kazi vizuri. Siku zile zile angeweza kuhudhuria mikutano mitatu ya waandishi, apate 30,000 zetu na nauli tatu za wenyewe. Mtu akinieleza kwamba vijana hawana ari, huwa naikumbuka karatasi ile.

Nje ya Dar

Tusijidanganye kwamba haya ni yetu peke yetu. Mwaka 2010 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitoa matokeo ya kuufuatilia mji mmoja, Baltimore, kwa wiki moja ya Julai 2009. Walikagua vyombo 53 vinavyotoa habari za mji ule na kuchambua kwa kina habari kubwa sita. Asilimia 83 ya yaliyotolewa yalikuwa marudio, hayana taarifa mpya hata moja. Kidogo kilichokuwa kipya karibu chote kilitoka kwa vyombo vya zamani, hasa magazeti, ambayo yenyewe yalikuwa yanakonda: gazeti kubwa la mji lilikuwa limetoa habari pungufu kwa asilimia 32 kuliko miaka kumi nyuma. Na walikuta taarifa rasmi zimetoka neno kwa neno bila msomaji kuambiwa kwamba ni taarifa rasmi. Uingereza, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff walikuta kwamba asilimia 60 ya habari za magazeti makubwa waliyoyapima zilitegemea, zote au kwa sehemu kubwa, mashirika ya habari na taarifa za maofisa uhusiano.

Baltimore walikuwa na vyombo 53 na marudio ya asilimia 83. Mbagala tulikuwa na vyombo 11 na marudio ya asilimia 100, mpaka jina la mtaa.

Tofauti ni kwamba wao wanaomboleza kitu walichokuwa nacho. Sisi tuwe waangalifu na maombolezo. Nimekulia kwenye redio moja ya taifa na magazeti machache ya chama na serikali, ambako habari kuu ya siku ilikuwa waziri amesema, na kesho yake waziri amesisitiza. Mageuzi ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalileta utitiri wa magazeti, mengi yakiwa ya udaku, yakafa kama yalivyozaliwa. Lakini ni katika kipindi hicho hicho, 1993, Stan Katabalo wa gazeti la Mfanyakazi aliandika mfululizo wake juu ya kitalu cha uwindaji cha Loliondo, na nchi nzima ikasoma. Na Tanzania Media Fund ulipoanza 2008, ukawa unampa mwandishi ruzuku ya kwenda na kukaa vijijini, habari za kina zilionekana, kutoka kwa waandishi wale wale walioitwa wavivu. Walilipiwa safari ya pili, wakaenda.

Kuna watakaosema nimeikimbia sababu kubwa, nayo ni hofu. Hofu ipo. Azory Gwanda, naye alikuwa mwandishi wa kujitegemea anayeandikia Mwananchi, alitoweka Kibiti Novemba 2017 na hajaonekana. Mwaka huo huo magazeti kadhaa yalifungiwa, baadhi yakafunguliwa tena 2022. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema vifungu kadhaa vya sheria ya 2016 vinakiuka mkataba wa jumuiya, na marekebisho ya 2023 yalipunguza makali machache. Anayeandika juu ya uchunguzi nchini bila kuyataja haya anakwepa.

Ila kisa hiki nimekichagua kwa sababu hakina hofu ndani yake. Hakuna aliyetupigia simu ya kututisha. Hakuna tangazo ambalo tungelikosa. Msemaji, ukweli wake, angefurahi kujua tatizo ni saini maana lilikuwa rahisi. Kila mlango ulikuwa wazi na bado hatukuingia. Hofu inaeleza kwa nini habari fulani kubwa haziandikwi. Haielezi kwa nini vyombo 11 vinashindwa kugawa 15,000 kwa 8,000.

Na msomaji? Kuna wanaosimama kwenye meza za magazeti pale Posta wakisoma vichwa vya habari bila kununua, na asubuhi redio zinayasoma magazeti hewani, vichwa na aya mbili, hadi mtu anafika kazini anadhani ameyasoma yote. Sina ugomvi nao. Kichwa cha habari ndicho tulichowauzia.

Baada ya hapo

Stori ya ukurasa wa 7 haikuzungumzwa redioni. Haikusambaa. Hata hivyo mtendaji aliisoma, au alisomewa, akawaita watia saini watatu, na siku ya tatu mama akanunua umeme wa 50,000. Maji yakatoka.

Fundi alikaa Mkuranga zaidi ya mwezi. Aliporudi kibanda kilikuwa na mpangaji mwingine. Video ya sekunde 40 bado ipo kwenye akaunti kadhaa pamoja na kichwa chake cha pampu. Ya kwetu niliifuta, bila kuweka neno la kuomba radhi, na bado sijapata sababu nzuri ya kunieleza kwa nini sikuliweka. Nilimtafuta yule kijana mara moja. Alinisikiliza kwa adabu, akaniuliza kama nina feni ya kutengeneza.

Binti aliacha gazeti mwaka uliofuata. Akapata kazi ya ofisa habari kwenye taasisi moja, mshahara wa kila mwezi, bima, gari la kumpeleka kwenye miradi. Siku hizi mialiko anaituma yeye, kwenye kundi lile lile: "Ndugu wanahabari, usafiri utaondoka Mnazi Mmoja saa 2:00 kamili asubuhi."

Mwaka jana alinitumia taarifa ya uzinduzi wa kisima kingine, upande wa Chanika. Niliisoma na kalamu. Jina la mtaa lilikuwa sahihi. Lita zilikuwa zimegawanywa kwa watu, jibu limeandikwa, hakuna mahali paliposema kero imemalizika. Na kwenye ukurasa wa pili, aya ya mwisho, kulikuwa na sentensi moja inayosema ni nani atanunua umeme wa pampu, kwa fedha ipi, na nani atasaini mtia saini mmoja asipokuwapo.

Kesho yake nilipita kwenye vyombo vilivyoitoa habari ile. Vilikuwa tisa. Aya ya mwisho wote walikuwa wameikata, kwa ajili ya nafasi.